Jino Bovu la Mtoto: Si Kila Mara Dawa Ni Kung'oa

Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Ndivyo wasemavyo watu tangu zamani, na katika mabaraza ya wazee msemo huo hutumika vizuri sana juu ya mtu mkorofi aliyeshindikana kuonywa. Lakini wazazi wengi wameuchukua msemo huo kuwa ni amri ya daktari. Mtoto akilia usiku kwa maumivu ya jino, kesho yake hupelekwa kung'olewa, na baba hurudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba amefanya wajibu wake. Hajui kwamba pengine amemwondolea mwanawe kitu ambacho hakitarudi tena maisha yake yote.

Elimu ya meno ya siku hizi yafundisha jambo jingine. Hata kama shimo limechimba likafika ndani kabisa, jino la mtoto laweza kuokolewa, mradi moyo wake ungali hai. Tena si kuokolewa tu: mzizi wake waweza kuendelea kukua mpaka ukamilike. Jambo hilo lataka vitu viwili: mkono wa daktari anayejua kazi yake, na mzazi asiyechelewa.

Kwanza yafaa kulijua jino lenyewe. Mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, huota magego manne ya ukubwani, mawili juu na mawili chini, kila moja nyuma ya jino la mwisho la utoto. Magego hayo hayaisukumi meno mengine, wala hakuna jino linalong'oka ili kuyapisha. Hutokea kimya kimya huko nyuma, mahali asipotazama mtu. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kuwa nayo ni meno ya utoto, nao husema, "Liache tu, litang'oka lenyewe na jingine litaota." Halioti jingine. Gego hilo halina mrithi.

Iko njia rahisi ya kulitambua. Mzazi na ampeleke mtoto mahali penye mwanga, amwambie afumbue kinywa, kisha ahesabu meno ya upande mmoja kuanzia lile la mbele katikati. La kwanza hadi la tano huweza kuwa meno ya utoto. La sita ni gego la ukubwani, naye atakula nalo mpaka uzee wake likitunzwa vema. Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote, na mama aweza kuifanya mlangoni pa nyumba yake asubuhi moja.

Jino si jiwe, ingawa kwa nje lafanana nalo. Juu kabisa pana ganda gumu sana liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko mfupa. Chini ya ganda hilo pana dentini, nayo ina vijitundu vyembamba visivyohesabika. Ndani ya dentini pana nafasi iliyojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo madaktari huiita palpu, nayo ndiyo moyo wa jino. Hiyo ndiyo iliyoijenga dentini tangu mwanzo, na ndiyo inayoendelea kuijenga. Jino likishambuliwa, nyama hiyo huweka dentini mpya upande wa ndani ili kujikinga, kama vile mwenye nyumba aongezavyo udongo upande wa ndani wa ukuta unaotobolewa na mvua.

Sasa jambo kubwa ni hili. Gego la miaka sita likichomoza kinywani, mizizi yake haijakamilika bado. Ni mifupi, kuta zake ni nyembamba, na ncha zake ziko wazi. Huchukua kiasi cha miaka mitatu zaidi kabla mizizi hiyo haijatimia na kufunga ncha zake, yaani mpaka mtoto awe na miaka tisa au kumi. Katika muda huo fundi angali ndani ya nyumba, akiongeza ukuta siku hata siku, naye fundi huyo ni ule moyo wa jino. Akifa kabla ya kumaliza kazi, nyumba hubaki vivyo hivyo: ukuta mwembamba, msingi mfupi. Jino la namna hiyo laweza kuvunjika karibu na ufizi kwa kutafuna mhindi wa kuchoma tu.

Na gego hili ndilo linaloshambuliwa upesi kuliko mengine. Uso wake una mifereji na mashimo madogo ambamo chakula hujificha. Ganda lake likiwa jipya halijapata ugumu wake wote. Tena liko nyuma, ambako mswaki wa mtoto haufiki. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari ya chai, peremende, biskuti na soda, na kutokana na sukari hiyo hutengeneza asidi. Asidi hiyo huyeyusha ganda kidogo kidogo. Watu husema, "Jino lina mdudu," nao hufikiri ni mnyoo unaoonekana kwa macho. Mnyoo haupo. Waliopo ni vijidudu ambavyo havionekani ila kwa hadubini, na chakula chao ni ile sukari apewayo mtoto mara nyingi kwa siku.

Jino hutoa habari zake mapema kwa mwenye kusikiliza. Mtoto akinywa maji ya baridi au akila kitu kitamu akashtuka, na maumivu yakakoma mara aachapo, hiyo ni dalili kwamba moyo wa jino umekasirika lakini una nguvu za kupona. Maumivu yakija yenyewe bila sababu, yakamwamsha mtoto usiku, au yakadumu muda mrefu baada ya kunywa maji ya baridi, hatari imeongezeka. Ufizi ukivimba, au kijipu chenye usaha kikitokea kando ya jino, basi kwa kawaida moyo umekwisha kufa, hata ikiwa mtoto hasikii maumivu. Wazazi wengi hufurahi maumivu yakomapo yenyewe, wasijue kwamba pengine aliyenyamaza amenyamaza kwa sababu amekufa.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane, mwanafunzi, ambaye baba yake amemleta kwa daktari wa meno baada ya usiku wa kilio. Mfano kama huo hutokea kila mahali penye watoto na sukari. Baba ameketi, kofia mkononi, naye amekwisha kata shauri.

"Daktari, ling'oe tu. Mtoto amekosa usingizi, nami nina kazi."

"Mzee, nimelitazama. Hili si jino la utoto. Ni gego lake la ukubwani."

"Lakini limetoboka, nami nimeambiwa likisha kutoboka limekwisha."

"Limetoboka, ndiyo, lakini halijafa. Nimeligusa kwa baridi, naye amesikia. Picha ya eksirei yaonyesha mizizi bado haijafunga. Nikiling'oa leo, maumivu yatakwisha leo, na pengo litabaki maisha yake yote. Magego mengine yatalalia upande wa pengo, na lile la juu litashuka kutafuta mwenziwe. Nipe muda wa saa moja, nami nitajaribu kuuokoa moyo wake."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, mlango wa kung'oa bado uko wazi. Lakini nikianza kwa kung'oa, hakuna mlango mwingine."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayopasa kukumbukwa na kila mzazi. Kung'oa kwaweza kufanywa siku yoyote. Kuokoa kuna wakati wake, na wakati huo hupita.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1756 Philip Pfaff wa Berlin, aliyekuwa daktari wa meno wa mfalme Frederick wa Prussia, aliandika jinsi ya kufunika moyo wa jino uliokuwa wazi kwa kipande chembamba cha dhahabu kabla ya kuziba shimo. Lakini kwa miaka mingi baadaye madaktari wengi waliona kwamba moyo uliofunuliwa hauwezi kupona, nao wakaona ni afadhali kuuua kabisa. Mwaka 1836 Shearjashub Spooner wa New York alieleza namna ya kuufisha kwa aseniki, yaani sumu kali. Basi kazi ikawa ni kuua ili maumivu yakome.

Mageuzi yalitokea kwa kitu ambacho watu wa pwani wanakijua sana, nacho ni chokaa. Mwaka 1920 Bernhard Hermann wa Ujerumani alianza kutumia chokaa iliyozimwa kwa maji, iliyosafishwa na kutengenezwa kuwa dawa. Asili yake ni ile ile chokaa wanayopaka watafunaji wa tambuu juu ya jani lao. Ilionekana kwamba dawa hiyo ikiwekwa juu ya moyo wa jino ulio hai, huua vijidudu na kuamsha nyama ile, nayo hujenga daraja jipya la dentini juu ya jeraha lake. Hata hivyo mzazi asifikiri kuweka chokaa ya dukani katika jino la mtoto, maana itamwunguza kinywa. Dawa ya daktari ni safi, hupimwa, na huwekwa mahali pake tu.

Kisha mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoa habari za jaribio lililofungua macho ya wengi. Walichukua panya wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa wamelelewa mahali pasipo kijidudu chochote, na wa pili walikuwa panya wa kawaida. Wote walitobolewa magego mpaka kwenye moyo wa jino, mashimo yakaachwa wazi, chakula kikaingia. Katika panya wa kawaida mioyo ya meno ilioza na kufa. Katika wale wasio na vijidudu, mioyo iliishi, ikajenga madaraja ya dentini, ijapokuwa mashimo hayakuzibwa. Basi ilidhihirika kwamba si tundu linaloua moyo wa jino, bali ni vijidudu viingiavyo kwa tundu hilo. Mwenye kuvizuia vijidudu, amelipa jino nafasi ya kujiponya.

Mwaka 1978 Miguel Cvek wa Sweden alieleza kazi aliyoifanya juu ya meno 60 ya mbele ya watoto na vijana, yaliyovunjika mpaka moyo ukaonekana. Hakuondoa moyo wote. Alikata sehemu ndogo ya juu iliyojeruhiwa, kiasi cha milimita mbili hivi, akaweka dawa ya chokaa na kuziba. Meno 58 yalipona. Watu walisema kwamba meno yaliyovunjika ni jambo moja, na yaliyooza ni jambo jingine. Mwaka 1993 Ingegerd Mejàre pamoja na huyo Cvek walitoa habari za magego na meno mengine ya nyuma ya watoto yaliyooza mpaka kwenye moyo. Kati ya meno 31 ambayo hayakuwa na dalili mbaya kabla ya matibabu, 29 yalipona. Kati ya 6 yaliyokuwa na maumivu na dalili nyingine, 4 yalipona. Ndipo ikawa wazi kwamba mwenye kuwahi hupata zaidi, na hata aliyechelewa kidogo hakukosa tumaini.

Katika miaka hiyo ya 1990 Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walitengeneza dawa nyingine ya aina ya saruji. Asili yake ni jamaa ya saruji ijengeayo nyumba, lakini imesafishwa na kuongezwa kitu cha kuifanya ionekane katika eksirei. Fadhila yake ni kwamba hukauka na kuwa ngumu hata penye unyevu, hushikana vema na jino, nayo haiyeyuki upesi kama ile dawa ya chokaa peke yake. Saruji za jamii hiyo ndizo zipendwazo sasa kwa kazi hii.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari humpiga mtoto sindano ya ganzi, kisha hulizungushia jino kipande cha mpira mwembamba ili mate yasiingie, kwa kuwa mate yana vijidudu. Husafisha kuta za shimo mpaka zibaki ngumu na safi. Ikiwa moyo haujafunuliwa bado, huweza kuacha sehemu ndogo ya dentini laini karibu nao na kuiziba kabisa, maana vijidudu vilivyofungiwa bila chakula hudhoofika, na hapana haja ya kumtoboa aliyejificha. Ikiwa moyo umefunuliwa, hukata sehemu ya juu iliyougua kwa chombo chenye makali na maji mengi. Hapo hutazama damu. Damu ikikoma kwa dakika chache baada ya kukandamizwa na pamba yenye dawa, nyama iliyobaki ni nzima. Isipokoma, hukata zaidi, pengine mpaka kwenye milango ya mizizi. Kisha huweka saruji yake, na juu yake huziba kabisa.

Gego lililobaki na kuta nyembamba hufunikwa kwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, ambayo William Humphrey wa Marekani aliieleza mwaka 1950 kwa matumizi ya watoto. Wazazi wengine huona kofia hiyo haina uzuri. Lakini iko nyuma ambako haionekani sana, nayo huzuia vijidudu kurudi, jambo lililo kubwa kuliko uzuri. Dawa nzuri chini ya kizibo kinachovuja ni kazi bure.

Kazi haikwishi siku hiyo. Mtoto yampasa kurudi baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, ili daktari alipime jino na kupiga picha nyingine. Picha hiyo ya pili ndiyo furaha ya wote. Huonekana mizizi imerefuka, kuta zimenenepa, na ncha zimeanza kufunga. Fundi alirudi kazini. Mzazi ambaye hamrudishi mtoto kwa kuwa haumwi amefanana na mkulima aliyepanda asirudi kupalilia.

Yafaa kusema kweli pia juu ya mipaka ya elimu hii. Moyo uliokwisha kufa na kutoa usaha haufufuki kwa njia hii. Hapo hutakiwa matibabu ya mizizi, ambayo katika jino lisilokamilika ni magumu na marefu zaidi. Gego lililobomoka mpaka chini ya ufizi huenda likang'olewa. Tena mara nyingine, mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi na gego limeharibika mno, daktari mwenyewe atashauri kuling'oa wakati huo ili gego la pili, liotalo karibu na miaka kumi na miwili, lisogee mbele na kujaza nafasi. Shauri hilo hukatwa kwa picha na kwa hesabu, si kwa haraka ya baba aliye na kazi.

Kuna mambo ambayo mzazi asiyafanye. Asitie tumbaku wala mafuta ya taa katika jino. Asimwekee mtoto kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa maana huunguza nyama ya kinywa na hakifiki penye ugonjwa. Asingoje likizo ya shule. Jino lililoanza kushtuka kwa baridi mwezi huu laweza kuwa limekufa kabla muhula haujafungwa.

Na kuna yale ambayo yampasa kuyafanya. Mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, hasa kabla ya kulala, na mzazi asimame karibu akihakikisha gego la sita limefikiwa. Mswaki wa mti nao hufaa, mradi ufike nyuma, lakini hauna floridi ya kutosha. Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, si kila saa. Magego yakiisha kuota, daktari aweza kuipaka mifereji yake dawa ya kuiziba kabla haijaoza.

Hata mahali pasipo umeme kuna msaada. Katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha mashimo madogo kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine, na kuyaziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilienea baadaye katika nchi nyingi. Haifai kwa moyo uliokwisha kufunuliwa, lakini humzuia adui kabla hajaufikia, na mtoto wa kijijini huweza kuhudumiwa akiwa juu ya benchi la shule.

Basi usemi wa wazee ubaki mahali pake barazani, kwa ajili ya wakorofi. Kwa gego la mtoto kuna usemi mwingine wa wazee hao hao ambao wafaa zaidi, nao ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa cha mtoto ukuta huo haujengeki mara ya pili. Jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, mama na amwite mwanawe, amfumbue kinywa, ahesabu mpaka la sita, na atazame kama pana doa jeusi.